Maji ya Jumanne

Bomba limekohoa saa tisa usiku.
Kwanza hewa, kisha kutu, kisha maji,
nami nimesimama jikoni pekupeku
nikitafuta ndoo iliyo tupu
katika nyumba isiyo na kitu kitupu.

Ndoo ya bluu imejaa nguo za wiki mbili.
Ya kijani ina viazi vilivyoota mapembe.
Besheni imebeba vyombo, vyombo vimebeba vyombo,
na juu kabisa sufuria ya ugali,
ukoko umeing'ang'ania
kama mpangaji aliyekataa kuhama.
Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba.
Hawakusema kibaba cha nini.

Tangu tumzike Nyakundi kule Nyamira
nyumba hii ya Kaptembwo, sebule na chumba,
ina nyumba nyingine tumboni.
Mwenye ploti alitaka chumba chake kabla ya tarehe tano.
Nikavileta vitu kwa mkokoteni, safari tatu:
viti vinne, godoro, redio isiyo na kisu,
magunia ambayo hadi leo sijayafungua,
na sanduku la spana, zito kama mtu.
Nikaviegemeza ukutani. Kwa muda tu, nikasema.
Muda ukakaa kitako.

Sasa kufika kitandani ni kupita ubavu ubavu
kama uko katikati ya ng'ombe wa mnada.
Bosibori anafanyia hesabu zake
juu ya kiti kilicholala miguu juu.

Na vumbi! Vumbi la Nakuru halibishi hodi.
Pangusa meza asubuhi,
saa nne utaweza kuandika jina lako.
Bosibori aliandika lake kwa kidole.
Chini yake akaandika la mjomba.
Meza hiyo sijaigusa tangu Alhamisi.

Dada yangu Kwamboka ananiambia kwa simu,
panga nyumba, na akili itajipanga.
Yeye ana msichana wa kazi na kabati za ukutani.
Nikamjibu ndiyo, ndiyo, kweli kabisa,
nikalala na viatu.

Lakini maji ni ya Jumanne na Ijumaa,
hayamngoji mtu apone.
Nimezimwaga nguo sakafuni
(fujo juu ya fujo, najua),
viazi nimevimwaga juu ya nguo,
nimekinga ndoo, nimekinga birika,
nimekinga chupa zote za soda,
na maji bado yanakuja, na vyombo vimeniishia,
ndipo macho yakaangukia lile sanduku.

Nilidhani nitakuta takataka.
Nyakundi! Ambaye hakuwahi kukunja shuka,
ambaye mama alisema chumba chake
hata kuku angetagia nje.
Nikafungua.
Namba nane. Namba kumi. Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Hadi thelathini na mbili,
kila spana ndani ya kitambaa chake,
kila kitambaa kimekunjwa mara mbili,
na hakuna hata tone la grisi pembeni.

Nikachuchumaa pale muda mrefu. Maji yakamwagika.

Kumbe ndugu yangu hakuwa na nyumba safi.
Alikuwa na sanduku.

Nikalifunga. Nikailoweka ile sufuria moja,
nikaisugua kwa mchanga na kipande cha gunia
hadi nikaona taa ndani yake,
na sura yangu, imevimba, lakini ipo.
Bosibori akaita kutoka kitandani,
"Mama, mbona unaosha usiku?"
"Maji yako. Lala."

Mengine hayajaguswa.
Nguo ziko chini, viazi viko juu ya nguo,
majina mawili yako mezani na yatakaa.
Viti vitatu bado viko miguu juu.
Cha nne nimekigeuza,
nikakikalia, mikono ikichuruzika,
nikisikiliza bomba likirudi kuwa hewa.